Maranda ya Mama Chupa

Simu ya kinyozi ilimkuta Mama Chupa akibandika lebo. Chupa sitini zilikuwa zimesimama mezani, mafuta ya nywele yakiwaka ndani yake kwa jua la dirishani, na kidole gumba chake kilikuwa kimeganda gundi. Akaiweka simu kwenye spika kwa kiwiko, akaendelea na kazi.

Kinyozi alikuwa mteja wa siku nyingi. Aliagiza mafuta mtandaoni kila mwezi kwa ajili ya kibanda chake, na hakuna siku aliyopiga simu asianze na utani. Siku hiyo hakutania.

"Mama, yale maranda mnayofungia chupa ni ya mti gani?"

"Kwani vipi?"

"Nimewatandikia vifaranga wangu. Si kadi yako ilisema yanafaa kutandikia kuku? Jana walikuwa ishirini na wawili. Asubuhi hii nimekuta wazima tisa, na hao tisa wamelegea shingo."

Mama Chupa aliacha lebo ikining'inia nusu kwenye chupa.

"Labda ni ugonjwa," alisema. "Huu msimu una magonjwa ya kuku."

"Labda. Ila mama yao yuko nje anachakura, hana habari. Wanaokufa ni waliomo ndani ya boksi tu. Sikulaumu, mama. Nakuuliza kwa sababu mke wangu alitaka kuwashia jiko yaliyobaki, nikamwambia angoje kwanza."

"Mwambie angoje," alisema Mama Chupa. "Mwambie asiyaguse kabisa. Nakupigia."

Alibaki amesimama na simu mkononi. Pembeni ya meza palikuwa na gunia la maranda, limefunguliwa mdomo, tayari kwa vifurushi vya siku hiyo. Kwa mara ya kwanza aliliona kama kitu kilichoingia ndani bila kubisha hodi.

Miaka mitatu ya mwanzo alikuwa akiuza mafuta yake kwenye chupa za plastiki, akazizungushia nailoni yenye vipovu na tepu mpaka mteja ahitaji kisu. Halafu mvua kubwa ikanyesha, mtaro wa nyuma ya nyumba ukaziba, na yeye ndiye aliyeinama kuuzibua. Alichovuta kutoka kwenye matope ni nailoni yake mwenyewe, na juu yake lebo yake mwenyewe, maandishi bado yanasomeka. Tangu siku hiyo hakutaka tena plastiki. Akahamia chupa za kioo, na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye aliishi naye na kumsaidia kufunga mizigo, akampa jina la Mama Chupa, likashika mpaka kwa wateja.

Shida ya kioo ni kuvunjika. Walijaribu magazeti, wino ukapaka chupa zote weusi. Wakajaribu majani makavu ya mgomba, mteja mmoja akafungua kifurushi akatokewa na mdudu mwenye miguu mingi. Wakakata katoni kuukuu kwa mkasi kuwa vipande vyembamba, vidole vya wifi vikavimba, akatangaza mgomo. Ndipo siku moja Mama Chupa alipopita karakana ya seremala na kuuona mlima wa maranda sakafuni, mepesi, yamejikunja, yananukia vizuri. Seremala alimwambia achukue yote, atakuwa amemsaidia kufagia. Alifunga kifurushi cha kwanza, akakidondosha kutoka juu ya kabati mara tatu. Chupa hazikupata hata mkwaruzo.

Wateja waliyapenda. Walipiga picha vifurushi vikifunguliwa. Ikabidi Mama Chupa aandike kadi ndogo ya kuweka juu, kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe na kujivunia: *Usitupe maranda haya. Yamwage bustanini, tandikia kuku, au washia jiko.*

Sasa alizoa maranda kiganja kimoja, akayatia kwenye bahasha, akamwambia wifi asifunge kifurushi chochote, akatoka na kandambili za chooni miguuni bila kujua.

Seremala alizima mashine alipomwona mlangoni. Mama Chupa aliyamwaga maranda juu ya benchi. Yule mzee alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, kisha akayabeba maranda hadi kwenye mwanga.

"Haya yana ukijani," alisema.

"Ukijani wa nini?"

Alimwonyesha kwa kidevu nyuma ya karakana. Kulikuwa na nguzo zimepangwa mpaka dari, nguzo za uzio, zote zina rangi ya kijani iliyofifia kama shaba ya zamani.

"Wiki tatu hizi nina kazi ya hizo. Zinakuja zimeshalowekwa dawa ili mchwa asiziguse. Mimi nazipiga randa upande mmoja tu."

"Dawa gani?"

"Kali. Mimi mwenyewe nikizishika navaa glovu."

"Na maranda yake unayaweka wapi, fundi?"

Seremala aliitazama sakafu, ambako kila kilichofagiwa kilisukumwa kona moja, kile cha mbao nyeupe na kile cha nguzo, na kutoka kona hiyohiyo Mama Chupa alikuwa akijaza magunia.

"Uliniambia unafungia chupa," alisema. "Nikajua yanafunga chupa, basi. Hukuniambia habari ya kuku."

"Na mtu akiyachoma?"

"Hayachomwi."

"Fundi, nakuuliza mtu akiyachoma. Jikoni."

"Tuliambiwa hata vipande tusichome, tufukie mbali na kisima. Moshi wake ndio mbaya kuliko vyote. Unaingia kifuani na sumu yake."

Mama Chupa alijiona anakaa, ingawa hakukuwa na kiti. Alikuwa amekalia rundo la mbao. Alijaribu kukumbuka maneno ya kadi yake, na kila alipoyakumbuka yalikuja yamebadilika mpangilio, yakianza na jiko.

Seremala alikwenda kwenye nguzo, akabandua karatasi iliyokuwa imegundishwa kwenye mzigo, yenye jina la dawa na alama ya fuvu, akamkunjia kiganjani. "Ukikutana na daktari, mwonyeshe hii," alisema. Ndipo Mama Chupa alipoelewa kwamba na yeye, mzee wa watu, alikuwa anaogopa.

Nyumbani walikaa sakafuni na daftari la vifurushi. Katika wiki tatu hizo vilikuwa vimetoka arobaini na kimoja. Wifi alichukua simu yake, Mama Chupa yake, lakini kabla ya namba ya kwanza wifi akamshika mkono.

"Wifi, tutasema nini?"

"Tutasema yana sumu."

"Sikia kwanza. Tunaweza kusema tumebadilisha maranda, haya ya zamani yana vumbi, wayatupe. Watayatupa hivyohivyo. Ukishatamka sumu, umejifungia duka kwa mkono wako. Na kaka yangu atarudi safari akute nini?"

Mama Chupa alilifikiria. Haitakuwa kweli kusema kwamba hakulifikiria; alilitazama neno vumbi kama mtu anayetazama mlango wa nyuma. "Mtu ukimwambia yana vumbi," alisema mwishowe, "atasema vumbi si kitu, atawashia jiko. Mimi ningewasha."

Wifi akavuta daftari upande wake, akaanza na namba za chini.

Walipiga simu tangu saa nne asubuhi hadi alasiri. Wengi walikuwa wameshayatupa. Mwanamke mmoja alicheka, akasema hajafungua hata kifurushi chenyewe. Mwingine alikuwa ameyamwaga kwenye mchicha, na mchicha wameula mara mbili. Mama Chupa alimwambia amwone daktari, akasikia upande wa pili mtu akivuta pumzi na kuanza kuita watoto kwa majina. Mwanamume mmoja alimtukana matusi ambayo hakuwahi kutukanwa tangu azaliwe, naye alingoja amalize, akarudia: "Ndiyo baba, lakini usiyachome." Mama mmoja alikuwa ameyashonea mto wa kuchezea mwanawe wa miezi minane. Alipoambiwa, simu ilimdondoka, zikasikika hatua zinakimbia, kisha kitu kinachanwa. Aliporudi alisema mtoto hana kitu, hana upele, anacheka, na baada ya hapo akalia, na Mama Chupa akalia naye, wakiwa hawajuani sura.

Kila alipokata simu aliweka alama kwenye daftari. Kalamu ikawa inatoboa karatasi. Ilipofika saa tisa, alama zilikuwa arobaini.

Aliyebaki ni mkunga.

Alikuwa mkunga mstaafu wa mji wa mbali, mwendo wa saa tatu kwa basi. Aliagiza chupa nyingi kwa mpigo na kuwagawia wazazi aliowazalisha zamani, kwa hiyo mizigo yake ilitoka katoni mbili kubwa kila mara, zimeshindiliwa maranda mpaka ukingoni. Simu yake iliita mpaka ikajikata. Walipiga mara ya pili, ya tano, ya tisa. Mama Chupa akafungua ujumbe wake wa mwisho, alioupokea siku nane nyuma na kuujibu kwa kialama cha mikono ya shukrani bila kuusoma vizuri.

*Mwanangu, maranda yako ni baraka. Mvua hii kuni zote zimelowa, nimefunga dirisha la jiko napikia hayohayo. Yanawaka kama karatasi.*

Mara ya mwisho mkunga kuonekana hewani ilikuwa Jumapili. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Wifi alisoma ujumbe juu ya bega lake. Akainuka, akamletea viatu.

Basi la jioni lingemfikisha usiku nyumba ambayo hakuijua, kwa hiyo alipanda la alfajiri ya kesho yake. Saa tatu zile zilikuwa ndefu kuliko zote. Alikaa dirishani, ile karatasi ya dawa imekunjwa ndani ya pochi, pochi ameikumbatia kifuani. Abiria wa kando alimpa chungwa, akalipokea, akalishika mpaka mwisho wa safari bila kulimenya. Katika akili yake mkunga alikuwa ameshakufa mara nyingi. Alikufa sakafuni, alikufa kitandani, alikufa ameinamia jiko, na kila mara yeye Mama Chupa alikuwa amesimama mlangoni na kadi yake mkononi. Kuna wakati alifikiria kushuka njiani. Basi lilisimama kituo fulani kupakia mzigo, mlango ukawa wazi, nje kuna watu wanauza maji, dunia imetulia kama kawaida. Angeweza kushuka, akageuza, na hakuna ambaye angejua. Miguu yake ilijikaza tayari. Mlango ukafungwa akiwa bado anajishauri, na akashukuru kwamba ulimfungia ndani.

Nyumba ya mkunga ilikuwa ya mwisho kwenye kichochoro chenye matope. Geti lilikuwa limerudishwa tu. Alibisha, akaita, akaingia. Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli. Akazunguka nyuma, ambako jiko lilijengwa peke yake, chumba kidogo chenye dirisha la mbao, na dirisha limefungwa kama ujumbe ulivyosema. Mlango wa jiko haukuwa na kufuli. Aliusukuma kwa ncha ya vidole.

Ndani palikuwa na giza na harufu kali, si ya moshi wa kuni aliouzoea. Katoni zake zilikuwa ukutani, lebo zikimtazama. Moja ilikuwa tupu, ya pili imebaki robo. Sufuria ilikuwa jikoni, uji umeganda na kupasuka juu. Kigoda kilikuwa kimeanguka ubavu.

Alitazama kile kigoda na akashindwa kusogea. Alitaka kuita na hakujua aite nani.

"Unamtafuta mkunga?"

Mama Chupa aligeuka akagonga kichwa kwenye kizingiti. Alikuwa jirani, mwanamke mwenye kanga na beseni la nguo.

"Yuko wapi?"

"Walimchukua Jumapili. Alikuwa anakohoa mpaka anapoteza fahamu, binti yake akaja na gari. Yuko hospitali kubwa. Wewe ni nani yake?"

"Yuko hai?"

"Jana alikuwa hai," alisema jirani, akamtazama vizuri. "Mama, kaa chini kwanza. Umebadilika rangi."

Hakukaa.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Mkunga alikuwa kitanda cha tatu, mwanamke mkubwa wa umbo ambaye sasa alionekana kama amepunguzwa, barakoa ya oksijeni usoni, macho yamefumba, kifua kinapanda kwa shida na kushuka kwa shida. Kando yake alikaa binti yake, mtu mzima wa rika la Mama Chupa, mwenye miwani na mfuko wa nguo chafu mapajani.

"Shikamoo mama," Mama Chupa alimwamkia mgonjwa, ingawa mgonjwa hakumsikia. Kisha akamgeukia binti. "Dada, pole. Mimi ndiye ninayemuuzia mafuta ya nywele."

Binti alitabasamu kwa uchovu. "Ah, Mama Chupa. Anakusifu kila siku. Umekuja mbali hivi kumwona?"

Lile tabasamu lilikuwa gumu kuliko matusi yote ya simu. Mama Chupa aliona kwamba hapo napo kuna mlango. Angeweza kusema ndiyo, akatoa chungwa, akamwombea mgonjwa, akaondoka.

"Wamesema ana nini?" aliuliza.

"Homa ya mapafu. Siku tano wanampa dawa, haisikii. Leo daktari kasema hata yeye haelewi."

"Si homa ya mapafu," alisema Mama Chupa. "Ni maranda yangu." Akatoa karatasi kwenye pochi, akaikunjua juu ya shuka, fuvu likielekea juu, na akaeleza yote: nguzo, dawa, kadi, jiko, dirisha. Alieleza upesi kwa sababu alijua akipumzika hatamaliza. Binti alisikiliza bila kupepesa. Tabasamu lilikuwa bado limesahaulika mdomoni mwake, kisha likatoka.

Aliichukua karatasi, akainuka, mfuko wa nguo ukaanguka. Alikwenda karibu mbio hadi kwenye meza ya wauguzi. Daktari akaitwa, kijana mwenye macho mekundu. Akaisoma karatasi mara mbili, akamuuliza Mama Chupa maswali mafupi: ni kiasi gani, ni siku ngapi, nani mwingine alikuwa mle jikoni. Hakumlaumu wala hakumfariji. Aliamuru vipimo vya damu na mkojo, akampigia simu mtu wa hospitali nyingine, na baada ya dakika chache kitanda kilikuwa kikisukumwa kwenda chumba kingine, magurudumu yakipiga kelele.

Binti alirudi akasimama mbele ya Mama Chupa.

"Toka nje," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini usiondoke. Wanaweza kukuuliza tena."

Mama Chupa alikaa kwenye benchi la korido tangu saa sita hadi wageni walipofukuzwa. Alisikia toroli likipita limefunikwa shuka jeupe, akainuka nusu, akaona ni vyombo vya chakula. Wifi alipiga simu kusema vifaranga wanne wa kinyozi wamepona, na yule mtoto aliyeshonewa mto yuko salama. Mama Chupa alisema vizuri, na hakukumbuka baadaye kwamba alizungumza.

Usiku huo alilala kwa yule jirani mwenye beseni. Asubuhi alirudi kwenye benchi. Siku ya tatu muuguzi, bila kuombwa, alipita akamwambia: "Ameomba chai." Mama Chupa alikwenda chooni, akafunga mlango, akatapika.

Mkunga alitoka hospitali baada ya siku kumi na moja. Daktari alisema ameponea chupuchupu, na kwamba kifua hakitarudi kuwa kile cha zamani. Seremala alivifukia vipande vya nguzo na maranda yake yote mahali alipoelekezwa, na tangu hapo akatenga kona mbili. Mama Chupa alilifunga duka la mtandaoni mwezi mzima, akaandika sababu kwa maneno yaleyale aliyoyasema kwenye simu. Wateja wengi hawakurudi. Kinyozi alirudi. Mwenye mchicha alikutwa mzima, yeye na wanawe, lakini hakuagiza tena.

Ulipopita mwezi alipanda basi kwenda kumwona mkunga nyumbani. Alimkuta barazani, blanketi begani, ukuta wa jiko umebomolewa upande mmoja ili hewa ipite. Mama Chupa alisimama ngazi ya chini.

"Kaa," alisema mkunga. Alizungumza maneno machache, akapumzika, kisha mengine. "Unaogopa kiti?"

Alikaa.

"Usiningojee nikuambie yamekwisha. Kifua changu hakijaisha." Alipumzika. "Nimezalisha watu miaka thelathini na minne. Niliwahi kukosea dawa, mara moja. Mama wa watu alipona. Mimi nilijua nimekosea saa moja kabla ya kusema. Saa nzima hiyo niliikaa, mwanangu. Mpaka leo ndiyo ninayoiota."

Mkunga alivuta blanketi shingoni.

"Sasa unafungia nini?"

Alimweleza. Amepata mashine ya mkono inayotoboa katoni kuukuu mpaka zinakuwa kama wavu, chupa zinavalishwa kama soksi. Katoni anachukua kwa mwoka mikate tu, na kwanza alikwenda kuangalia mwenyewe zinatoka wapi na zilibeba nini kabla. Alikuwa amepewa katoni nzuri na duka la pembejeo, ngumu, safi, akauliza zilikuwa na nini, wakamwambia dawa ya kunyunyizia mimea, akazirudisha. Na kadi haina tena maelekezo ya kupikia.

"Inakera kuuliza kila kitu?" aliuliza mkunga.

"Inakera. Wengine wananiona nina wazimu."

Mkunga alitikisa kichwa taratibu, akafumba macho, na ikaonekana maongezi yamemchosha.

Binti ndiye aliyemsindikiza Mama Chupa mpaka barabarani. Walikwenda kichochoro chote wakikwepa matope. Kufika barabarani binti alisema, akiangalia pengine:

"Siku ile unaingia wodini, ulijua kwamba tungeweza kukupeleka polisi?"

"Nilijua."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa. Ila ndani ya basi niliogopa zaidi."

Binti alifikiri juu ya hilo. Hakumpa mkono, na hakugeuka kuondoka. Walisimama pamoja kando ya barabara, hatua mbili baina yao, wakilingoja basi.